Hatua Arobaini Hadi Bandani

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, kwenye kile kiti cha dirishani ambacho naambiwa siku hizi hukiachi. U hali gani? Kidonda cha kifuani kimekauka vizuri? Mguu walikotoa mshipa bado unavimba jioni? Usingizi je, unalala chali kama walivyokuagiza, au umeshaanza ukaidi wako? Nijibu moja baada ya jingine, maana nakujua, utaandika "sijambo" tu kisha ufunge bahasha.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo, ila ubishi wake uko pale pale. Wapwa zako wote wazima. Mimi mwenyewe nina nguvu kuliko nilivyokuwa miaka mitatu iliyopita, na nimefikaje hapo ndiyo sehemu kubwa ya barua hii.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Nikipiga anapokea wifi, nikimwambia akupe nasikia unakohoa kwa mbali, halafu naambiwa umelala. Saa tano asubuhi, mtu mzima amelala. Barua huwezi kuikata. Anakuletea mpwa wako wa pili, yule dereva wa lori, anapita kwenu Jumanne na mzigo wa vigae. Nimemwambia asiwashe gari mpaka akuone umefungua bahasha kwa mikono yako.

Wifi ameniambia yote, na usimnunie kwa hilo, maana nilimbana mpaka akasema. Wiki sita zimepita tangu upasuaji. Hospitali yenu imekuandikia mazoezi ya moyo mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, nawe hujakanyaga hata siku moja. Wamekuita mara tatu. Ijumaa hii inayokuja ndiyo ya mwisho. Usipofika, nafasi yako anapewa mwingine, nawe unarudi nyuma ya foleni ya miezi kadhaa. Daktari amemwambia wifi bila kuficha kwamba operesheni ilikwenda vizuri, na kinachomtia wasiwasi sasa ni kile kiti.

Wifi anadhani ni kiburi. Anasema mtu aliyepanda nguzo za simu miaka thelathini, akining'inia kwa mkanda mmoja huku anaunga nyaya, anaona haya kwenda kukanyaga baiskeli iliyofungwa sakafuni pamoja na vikongwe. Na mimi mwanzoni nilidhani hivyo hivyo, nikacheka sana. Kisha akanitajia neno ulilolisema siku walipotaka kukuinua, na kicheko chote kikanitoka. Nitalifikia hilo neno. Kwanza nikusimulie ya kwangu, kwa sababu sikuwahi kukueleza sawasawa. Ulipokuja kuniona hospitali mwaka jana nilikuwa nimejaa mipira puani na mkononi, na ulipoondoka nikajitia mzima.

Niliporudi nyumbani na kifua kilichoshonwa, watu wa nyumba hii walinigeuza yai. Shemeji yako alibeba cherehani yangu akaifungia stoo, na ufunguo akauficha. Watoto wakagawana zamu za kunichunga. Nikiinuka kwenda msalani nasikia sauti tatu kwa mpigo, mama unakwenda wapi. Nilishikiwa kikombe cha chai mdomoni, mimi niliyeshona kola mia mbili kwa siku kiwandani huku napiga soga na wenzangu wote wa mstari ule. Nao walifanya kwa mapenzi, ndiyo maana sikuweza hata kuwagombeza.

Kisha nikaanza kulia. Hilo sikumwambia mtu. Siku moja nililia kwa sababu ya kifungo. Shati la shemeji yako lilikuwa limekatika kifungo, nikamwona anakishona mwenyewe karibu na mlango, ulimi kautoa nje, uzi unagoma kuingia kwenye sindano mara ya nne, mara ya tano, wala haniombi nimsaidie. Nililia mpaka ule mto wa kifuani ukalowa. Huo mto unaujua, najua na wewe umepewa wako wa kukumbatia ukikohoa. Baadaye daktari alinieleza kwamba watu wengi waliopasuliwa kifua hupitia hayo, wanaume wakiwamo, na kwamba wengine hawalii, wananyamaza tu na kukaa sehemu moja siku nzima. Nakuambia ili usidhani kwamba umerukwa na akili.

Kliniki nilipelekwa kwa kuburutwa. Chumba chenyewe kiko chini kabisa, zamani kilikuwa cha kufulia mashuka ya wagonjwa, bado kina mifereji sakafuni na harufu ya sabuni. Kuna baiskeli nne zisizokwenda, mikanda miwili ya kutembelea, ngazi ya vidaraja vitatu isiyofika popote, na viti vimepangwa ukutani. Wanakubandika vibandiko vyenye nyaya kifuani ili waone mapigo ya moyo kwenye kioo, wanakupima presha, ndipo unaanza. Msimamizi wetu tunamwita Kocha. Ni binti mfupi, rika la mwanangu wa mwisho, mpole wa sauti lakini habembelezeki. Aliniambia tunaanza na dakika tano. Nikamwambia, mwanangu, dakika tano ndiyo nini, mimi nimesimama kiwandani miaka thelathini. Akasema sawa mama, dakika tano.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mbali na hizo nyaya, kipimo chao kingine ni mdomo. Ukitembea huku unaweza kuimba, unazembea, ongeza mwendo. Ukiweza kusema sentensi moja, ukavuta pumzi, ukasema nyingine, hapo ndipo penyewe. Ukishindwa kumaliza sentensi umezidisha. Kipimo kizuri, ila fikiria walimpa nani. Mimi, ambaye baba aliniita Cherehani kabla sijajua kushika sindano. Nilikuwa naongea nikiwa na pumzi, na naongea nikiwa sina. Kocha akiniuliza naendeleaje, namwagia habari za kiwandani na za majirani, na yeye anasikia mama anaongea vizuri, basi anaongeza mwendo. Mimi naona haya kumwambia apunguze, maana pembeni yangu kuna dereva wa treni mstaafu, miaka sabini na miwili, anakanyaga baiskeli yake taratibu na ananitazama tu. Nikajikaza kisabuni. Wiki ya pili, katikati ya habari za harusi ya jirani, chumba kikaanza kuzunguka. Walinidaka nikiwa bado nasimulia.

Aliyegundua siri yangu ni huyo huyo dereva wa treni. Alimwambia Kocha kwamba huyu mama akiwa mzima anauliza maswali, akichoka anasimulia tu. Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona kweli. Tangu hapo Kocha ananisikiliza kwa maswali. Nikipita dakika moja sijamuuliza mtu chochote, anapunguza mwendo, na mimi najifanya sijaona.

Basi dakika tano zikawa kumi, kumi zikawa ishirini. Mwezi wa tatu wa mazoezi nilikuwa napanda vile vidaraja nikiwa na vyuma vidogo mikononi. Siku niliyopanda ngazi za nyumba hii mpaka juu bila kusimama kwenye kona, shemeji yako alikuwa amenisubiri juu na kiti mkononi. Nilimpita. Kesho yake niliamka nikakuta cherehani imerudi mahali pake, imepanguswa vumbi na kutiwa mafuta. Yeye alikuwa anakunywa chai yake.

Lakini ninachotaka kukusimulia zaidi ni baiskeli.

Siku ya kwanza waliponipeleka kwenye baiskeli nilishindwa kukanyaga, na miguu haikuwa na shida. Kocha aliinama kurekebisha kiti, akazungusha pedeli kwa mkono aone kama kuna kinachokwaruza, gurudumu likaanza kuzunguka pale pale. Ile sauti. Nilishika usukani nikabaki hivyo. Nilimwona baba kabisa, baiskeli ya mtu ameipindua juu chini, anazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, amesogeza sikio na kufumba jicho. Unakumbuka lile benchi letu lenye mguu mfupi? Wewe kazi yako ilikuwa kushika kopo la spoku. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyamaza, na sikuiweza hata mara moja.

Banda lilinuka gundi ya viraka na mpira uliosuguliwa. Ringi zilitundikwa ukutani, kubwa kwa ndogo, na mwanga ulipenya kwenye matundu ya bati ukaweka vidoa mgongoni kwa baba. Akimaliza kunyoosha gurudumu alikuwa analizungusha mara moja kwa nguvu, kisha analiacha lisimame lenyewe. Halishiki. Sisi tunahesabu mizunguko. Siku ya rekodi tulifika mia moja na kitu, na mpaka leo tunabishana kama hicho kitu kilikuwa nne au saba. Ni saba. Mama anaita chakula tayari, baba anajibu nakuja, kwa sauti ile ile ya mtu asiyekuja, na mama anaita tena.

Nina hamu na banda lile, mdogo wangu. Nina hamu na mchana wa siku zile, ulivyokuwa mrefu na hauna kazi nyingine ila kumtazama mtu anayejua kazi yake. Mwaka juzi nilipita pale. Bandani wameweka gereji ya pikipiki, bati ni jipya, halina tundu hata moja. Nilisimama nje ya uzio mpaka fundi akatoka kuniuliza nataka nini. Nikamwambia nimepotea njia.

Halafu baba akaanguka, moyo ukamshinda. Wewe ulikuwa na miaka minane, mimi kumi na mitatu. Daktari wa siku zile aliagiza alale, asiinue hata kikombe. Ndivyo walivyojua wakati ule, na mama alilishika agizo lile kwa mikono miwili. Kitanda kikahamishiwa sebuleni. Viatu vya baba vikapandishwa juu ya kabati. Tukafundishwa kutembea kwa vidole. Miezi kumi na mmoja. Mtu aliyekuwa akiinua baiskeli ya mizigo kwa mkono mmoja, miguu yake ikawa myembamba kuliko yako, na yako ndiyo iliyokupa jina la Msumari. Mimi na wewe tukawekwa walinzi: baba akishusha miguu chini, mwiteni mama. Niliifanya kazi hiyo vizuri mno. Mara tatu aliniomba nimshike mkono afike mlangoni, na mara tatu nikapaza sauti. Mara ya nne hakuniomba tena.

Sasa nafikia lile neno. Wifi anasema walipokuja kukuinua, mwanao akiwa amekushika bega, uliutoa mkono wake ukasema, "Najua mimi kinachompata mgonjwa wa moyo akitembezwa." Ukarudi kitini, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukugusa. Wifi hakuelewa. Alidhani umesikia redioni. Mimi nilielewa pale pale, simu ingali sikioni.

Nami nilikuwepo siku ile, Msumari. Hujui kwamba niliona kila kitu.

Ilikuwa Alhamisi, mama amekwenda sokoni, mimi niko jikoni naosha vyombo. Baba alikuomba wewe. Uliburuta kiti, ukapanda, ukateremsha viatu vyake juu ya kabati, ukapiga magoti ukamfunga kamba. Niliwaona dirishani mkitoka mlango wa nyuma, mkono wake begani kwako, wewe umejinyoosha ili ufikie. Mkafika kwenye bomba la maji mkasimama. Mkaenda tena, mkasimama tena. Ni hatua arobaini mpaka bandani; nilikuja kuzihesabu baada ya mazishi. Mdomo nilishaufungua niite majirani, nikaufunga tena, kwa sababu alikuwa anatabasamu. Niliwafuata kwa vidole, nikajibanza nje ya banda na kuchungulia. Alikaa kwenye kigoda chake, akashika spana, ukamshikia kopo, akanyoosha gurudumu moja. Akalizungusha, akaliacha. Alikuwa amefumba jicho moja. Kisha mkarudi polepole, akalala, ukarudisha viatu juu, na mama alipoingia alitukuta watatu tumetulia kama hakuna kilichotokea.

Jumapili asubuhi baba akafariki.

Shangazi alikuja na kilio chake, na katikati ya kilio kile, mbele ya watu wote, akakunyooshea kidole. Akasema mtoto huyu ndiye aliyemtembeza baba yake mpaka kaburini. Ulikuwa umesimama karibu na mlango. Hukulia. Hukulia siku ile, hukulia mazishini, na sidhani kama umemlilia baba mpaka leo. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwako. Ningeweza kusema kwamba niliona, kwamba aliomba mwenyewe, kwamba alirudi anatabasamu. Sikusema. Mimi ambaye sijawahi kushindwa la kusema, siku ile nilitazama miguu yangu.

Wifi aliponiambia neno lako, Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa daktari wangu wa moyo bila miadi, nikakaa mlangoni kwake mpaka akachoka kunipita. Nilimweleza yote, miezi kumi na mmoja, hatua arobaini, siku tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi kula kiapo kwa mtu ambaye hakumpima. Lakini akasema moyo ule ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na siku zile hawakuwa na njia ya kuuzibua. Mtu aliyetembea hatua arobaini taratibu Alhamisi, akapumzika njiani, akakaa akafanya kazi ya mikono, akarudi na akalala akiwa mzima, haoni kwa nini afe Jumapili kwa sababu ya hatua zile. Alisema kama kuna kilichomdhoofisha zaidi basi ni kulala muda wote ule, na mama naye hana kosa, alifuata alichoagizwa. Kisha akaniuliza, na yule mtoto sasa yuko wapi? Nikamwambia amekaa dirishani.

Kocha amesomea miaka minne kufanya ulichokifanya ukiwa na miaka minane. Kumsimamisha mtu, kumwacha apumue, kumwendesha kwa mwendo anaoumudu, kumrudisha salama. Hukumuua baba. Katika miezi ile kumi na mmoja ni wewe peke yako uliyempa saa moja ya kuwa fundi. Nimetaka kukuambia hivyo tangu tukiwa watoto, na najua nimechelewa, lakini soma tena hapo juu, usome mpaka uamini.

Bado kuna moja, na hili ndilo lililonifanya nichane karatasi tatu tangu asubuhi.

Hujawahi kuniuliza shangazi alijuaje. Mama hakuwepo. Baba hakusema. Wewe hata ungechapwa usingefungua mdomo. Ni mimi. Nilimwambia Jumapili ile ile, hajavua hata viatu. Aliuliza imekuwaje, na mdomo wangu ukatoa yote, kabati, mlango wa nyuma, banda. Nilikuwa na hofu, nilitaka mtu mzima aniambie kwamba hatukukosa. Nilidhani atasema hivyo. Badala yake alikunyooshea kidole wewe, nami nikashukuru kwamba hakuninyooshea mimi. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikushonea sare za shule miaka sita, nilicheza ngoma usiku kucha harusini kwako, na wakati wote huo nilijua umebeba kitu ambacho nilikutwisha mimi, na nilinyamaza.

Kwa hiyo kama unatafuta wa kumkasirikia, mwache baba alale, na ujiache na wewe mwenyewe. Nipo mimi, na nastahili.

Sasa ya Ijumaa. Vaa raba, zile zenye soli laini, ndara usizivae. Nenda na ule mto wako. Kunywa dawa zako kama kawaida, na ule kitu chepesi saa moja kabla. Wakikuuliza kama kifua kinabana, sema kweli, usijitie shujaa kama mimi. Siku ya kwanza utaona haya, ya pili utachoka, ya tatu utaanza kumtafuta mwenzako aliyekaa baiskeli ya pembeni. Ukijisikia hofu, hiyo ni ya kawaida, hata dereva wa treni alikiri kwamba wiki ya kwanza alikuwa akijishika mapigo ya moyo kila hatua. Mwanangu wa lori atabaki kwenu mpaka siku hiyo, na nimemwambia asikushike mkono wala asikubebe. Atatembea pembeni yako tu mpaka mlango wa kliniki, na mzigo wa vigae utamsubiri. Mwenye vigae ameshaarifiwa.

Nisalimie wifi, mwambie amefanya vizuri kuniambia na asijutie. Nisalimie mwanao mkubwa, mwambie ule mkono alioutoa baba yake begani aurudishe Ijumaa. Wasalimie wanao pacha mmoja mmoja, wasije wakagombana nani kasalimiwa kwanza. Mjumbe wa nyumba kumi wa upande wetu, yaani shemeji yako, anakusalimu sana na anasema akija atakuonyesha jinsi ya kushona kifungo. Mungu akulinde, akuzidishie pumzi, akulainishie huo moyo uliofunguliwa na huo usiofunguka.

Msamaha sikuombi leo. Nenda Ijumaa, ukanyage dakika zako tano, urudi nyumbani. Baada ya hapo nuna unavyotaka, mwaka mzima, miaka kumi, sitalalamika. Nitaamka kila asubuhi nikijua kwamba ndugu yangu yuko hai na ana nguvu za kuninunia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Cherehani.